Ngamia Hagawiwi Kama Mbuzi

Tangu mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Samburu, kaskazini mwa Kenya, imekuwa ikigawa ngamia. Familia iliyomaliziwa ng'ombe na kiangazi huitwa uwanjani, jina likasomwa, picha zikapigwa, na mwenye mji akarudi kwake ameshika kamba yenye ngamia. Ni jambo jema. Nalisema mapema kabisa, maana sehemu kubwa ya makala haya nitakuwa nanung'unika.

Masaibu ya ng'ombe kule kaskazini hayahitaji maelezo marefu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Aliyesafiri barabara ya Isiolo kwenda Marsabit wakati ule alipishana na mizoga kando ya lami, ngozi imekauka juu ya mbavu, na hatua chache kutoka hapo ngamia kanyoosha shingo juu ya mgunga anatafuna vitawi vya miiba, hana habari. Mfugaji akiona hivyo mara mbili tatu hahitaji semina. Wasamburu na Waborana, watu ambao ng'ombe kwao ndiye heshima, ndiye mahari, ndiye nyimbo, wameanza kutoa pesa zao mfukoni kununua ngamia. Sensa ya 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilipita milioni 4.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Ngamia niliyemjua utotoni ni yule wa ufukweni Bamburi na Nyali, kavishwa shanga na tandiko la rangi, mtalii juu yake anapiga ukelele kwa sababu hakuambiwa kwamba ngamia huanza kunyanyuka kwa miguu ya nyuma. Ualimu ndio ulionipeleka Marsabit, na huko nikapata wenyeji Warendille, wafugaji wa ngamia wa upande wa Korr, ambao hadi leo huniuliza, kila nikienda, kama sisi pwani bado tunalipisha watu pesa kupanda ngamia. Nikiwajibu ndiyo, hucheka upya.

Lakini pwani na ngamia wanajuana tangu kale, na si kwa utalii. Huko Shanga, kisiwani Pate, waliochimbua magofu walikuta mifupa ya ngamia kwenye tabaka za kale za mji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, alishangazwa na wingi wa ngamia waliochinjwa kila siku mjini mle. Na kwenye miji yetu, Lamu, Mombasa na Unguja, alikuwepo ngamia wa kinu: mnyama kafungwa macho kwa kitambaa, anazunguka kutwa kwenye chumba cha giza, mchi mkubwa wa mti unasaga ufuta, na mafuta yanachuruzika chini. Wazee wa mtaani kwetu bado huyataja mafuta yale kwa kumeza mate. Ngamia mwenyewe hawamtaji sana.

Kusini zaidi hakuweza kwenda. Mbung'o walimzuia. Mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, kwa nia ya kupanda Ruvuma na kuona kama wanyama hao wangestahimili mbung'o na kubeba mizigo bara. Waliteketea mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kuumwa na mbung'o, wengine kwa mateso ya waliowaongoza. Ndiyo maana misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitembea kwa miguu ya watu. Pembe za ndovu zilizopakiwa majahazini Unguja zilifika pwani mabegani mwa wapagazi. Mahali pasipoweza kuishi ngamia, binadamu ndiye alikuwa ngamia, na hilo huwa nalikumbuka kila nikisikia mtu akisema mnyama huyu ni wa jangwani tu na hatuhusu.

Sasa turudi kwa yule mwenye kamba mkononi.

Mwili wa ngamia unastahili sifa zote unazopewa, hata zile za uongo zikishaondolewa. Maji hayakai kwenye nundu. Nundu ni mafuta, akiba ya njaa. Siri ya maji iko kwingine. Kiangazi kikali, joto la mwili wake laweza kuwa nyuzi 34 alfajiri na likapita 40 alasiri, na yeye anaachilia tu lipande, hapotezi jasho kupigana nalo. Chembe nyekundu za damu yake zina umbo la yai, hupita hata damu ikiwa nzito, na hazipasuki anapofika kisimani na kufakamia lita 100 kwa dakika kumi hivi. Nyayo zake ni laini, hazichimbui udongo kama kwato. Anakula majani ya juu ambayo mbuzi hayafikii na ng'ombe hayataki. Na jambo kubwa kuliko yote kwa mama mwenye watoto: maziwa ya ng'ombe yakishakauka, yeye bado anakamuliwa.

Haya yote yamo kwenye vipeperushi vya miradi. Yasiyomo ndiyo yanayonisumbua.

La kwanza ni muda. Ngamia jike hubeba mimba miezi 13 hivi. Huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano au zaidi kidogo, kisha hukaa miaka miwili, pengine mitatu, kabla ya kuzaa tena, na ndama wengi hufa. Piga hesabu. Aliyepewa jike mmoja leo, akibahatika, mtoto wake wa darasa la kwanza atakuwa anamaliza sekondari ndipo nyumba iwe na majike watatu wanne. Mbuzi unaweza kuanza naye mmoja ukawa na zizi. Kundi la ngamia hurithiwa. Mtu hawezi kulianzisha peke yake katika umri wake na likamtosha. Warendille na jirani zao Wagabra, wafugaji wa ngamia vilevile, hawakusubiri daktari wa mifugo awaambie, na maisha yao yote yamejengwa juu ya ukweli huo.

La pili ni ujuzi wa mkono. Nilisimama karibu alfajiri moja huko fora, ile kambi ya vijana iliyo mbali na mji ambako ngamia wengi huishi, nikatazama wakikamua. Vijana wawili. Kwanza ndama aliachiwa anyonye, maana mama hateremshi maziwa mpaka amsikie mwanawe. Mara tu maziwa yaliposhuka, ndama alisukumwa upande, akaachiwa chuchu zake, na wale wawili wakasimama kila mmoja kwa mguu mmoja, wayo wa pili umebanwa juu ya goti, na kibuyu cha nyuzi zilizosukwa kimekaa juu ya paja lile lililokunjwa. Mikono miwili ikakamua kwa kasi. Wana dakika mbili hivi kabla mama hajabadili nia. Povu lilijaa mpaka mdomoni mwa chombo, na nilipokaribishwa nilikuta ndani ya povu lile chembe nyeusi za mkaa, kwa sababu chombo hufukizwa kwa vijiti vinavyofuka ili maziwa yasiharibike upesi. Yana ladha ya moshi, na chumvichumvi kwa mbali. Ndama akifa, ngozi yake hutunzwa, na mama hunusishwa ngozi hiyo ili akubali kukamuliwa. Sasa mpe mnyama huyo mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, amechuchumaa, hana wa kumsaidia, na ngamia mwenyewe ameletwa kwa lori jana.

Kuna na chumvi. Ngamia huhitaji chumvi nyingi kuliko ng'ombe, na mfugaji wa zamani anajua kisima kipi kina maji ya magadi na bonde lipi lina mimea ya chumvi. Wagabra wana pembezoni mwa Chalbi, tambarare nyeupe inayong'aa mchana hadi unafumba macho. Kuna upele. Kuna homa ya nzi wanaouma, ambayo humkausha ngamia polepole na kumharibia mimba, na ndiyo sababu mvua ikinyesha mwenye ngamia hukimbilia palipo pakavu wakati mwenye ng'ombe anakimbilia palipo na majani. Hilo la mwisho linatosha kuwapoteza wageni wa fani. Wengi wa waliopewa ngamia hukaa nao palepale walipokuwa na ng'ombe, wakashangaa mnyama wa ukame anakufa mwaka wa mvua.

Nimelimbikiza manung'uniko madogo. Kubwa ni hili la tatu.

Kwa Warendille ngamia jike hukopeshwa. Mwenye nao wengi humpa asiye nao jike mwenye maziwa, na maziwa yote yanakuwa ya mkopaji, watoto wake wanakunywa, yeye ndiye anayehangaika na malisho na kisima. Jike yule hubaki wa mwenyewe, na mabinti atakaozaa ni wa mwenyewe, na mabinti wa mabinti. Wao huuita mkopo huo maal. Jirani zao Wagabra wana wao, dabare. Kumrudisha jike bila sababu nzito ni aibu, na kumdai ghafla kutoka kwa mtu mwenye watoto wadogo ni aibu kubwa zaidi. Mikopo mingine imedumu mpaka aliyekopesha na aliyekopeshwa wakafa wote, wajukuu wakaendelea kujuana kwa sababu ya ngamia. Mzee mwenyeji wangu aliweza kunitajia ngamia wake waliosambaa, nani anaye yupi, na yule alizaliwa na nani, kutoka Korr hadi Kargi na ng'ambo ya hapo. Kundi nililoliona zizini halikuwa lake lote, na sehemu ya mali yake haikuwapo zizini.

Mgeni hufikiri huo ni ukarimu. Ukarimu umo, ila kuna akili pia. Ugonjwa ukiingia kambi moja hauwezi kummaliza. Majambazi wakivamia upande huu, upande ule una majike. Mvua ya kule haijui habari za mvua ya hapa, kwa hiyo wanyama wametawanywa kama mtu anayeweka pesa zake kwa ndugu tofauti badala ya kuzifukia shimo moja. Na kijana aliyefiwa na mifugo hahitaji kusubiri miaka 15. Anakopeshwa na ukoo, anaanza kunywa maziwa wiki hiyohiyo. Mahari yenyewe ya Mrendille ni ngamia 8, na hakuna kijana anayewatoa wote kwenye zizi la baba yake peke yake. Hata sherehe yao ya Sorio, ambapo kila nyumba huchinja kondoo au mbuzi na ngamia wakapakwa damu, ni siku ambayo wanyama na watu huhesabiwa pamoja.

Kaunti inapomkabidhi mtu ngamia mmoja mbele ya kamera, inampa mnyama aliyevuliwa hayo yote. Ni wake, yeye na karatasi yake. Hadaiwi na mtu. Siku ngamia huyo akifa hakuna wa kumkumbuka mpaka uchaguzi ujao. Isitoshe, mara nyingi waliogawiwa ni ngamia wa Kisomali, wakubwa wa mwili na wenye maziwa mengi kuliko hawa wadogo wa Rendille na Turkana, lakini mwili mkubwa unataka kula. Mwanasiasa anapenda ngamia mrefu. Picha inatoka vizuri.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Samburu si wageni kabisa wa ngamia. Wao na Warendille wameoana kwa vizazi, hadi wakapatikana Waariaal, wanaozungumza lugha mbili na kufuga ng'ombe milimani na ngamia tambarareni. Kule kwenye mchanganyiko huo, ngamia wa kaunti wameshika vizuri kwa sababu mpokeaji ana shemeji wa kumuuliza. Penye shemeji, mradi unaenda. Ningekuwa na sauti kwenye ofisi hizo ningesema ngamia wapewe koo zinazokubali kukopeshana, majike kumi kwa watu ishirini, na pesa ya sherehe ilipe posho kwa vijana wa Korr na Kargi wakakae miezi sita na wanafunzi wao. Najua halitafanyika. Huwezi kupiga picha mkopo.

Mambo haya hayako kwetu tu. Ndugu za ngamia wako Amerika Kusini, na asili ya ukoo mzima ni huko Amerika: walitokea Amerika Kaskazini mamilioni ya miaka iliyopita, wengine wakavuka kuingia Asia na hatimaye kutufikia sisi, wengine wakashuka milima ya Andes. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walitangaza mfupa wa ngamia mkubwa uliopatikana kisiwa cha Ellesmere, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wa miaka milioni 3.5 hivi. Huenda nundu na wayo mpana vilianza kama vifaa vya baridi na theluji. Nilimsimulia mzee habari hiyo. Akaniuliza theluji ina chumvi?

Huko Andes llama ndiye mbeba mizigo, kilo 25 hadi 30, ukimzidishia analala chini na kutema mate. Vicuña ni wa porini, ana manyoya laini kuliko yote, na Wainka walikuwa na kawaida iitwayo chaku: watu kwa mamia hushikana mstari, huwasukuma wanyama mpaka ndani ya ua, hunyoa, kisha huwaachilia. Wakoloni wa Kihispania walileta bunduki, na kufikia miaka ya 1960 vicuña walibaki elfu chache. Waliokolewa na hifadhi kama Pampa Galeras nchini Peru, iliyoanzishwa 1967, na baadaye kwa kurudisha chaku yenyewe mikononi mwa vijiji. Leo wako mamia ya maelfu. Nasimulia hili kwa sababu linanipa moyo: mnyama alirudi pamoja na kanuni zake. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2024 kuwa mwaka wa kimataifa wa jamii hii ya wanyama, na mabango yalipita hata Marsabit. Sehemu kubwa yalizungumzia lishe na tabianchi. Kukopeshana hakukutajwa.

Wakati huohuo ngamia wanazidi, na nchi haizidi. Wafugaji kutoka kaskazini mashariki hushuka na makundi hadi Kitui na Tana River, ngamia wakaingia shambani kwenye mbaazi na miembe ya watu, na magomvi hayo yameua watu wa pande zote mbili. Ngamia hula mti ambao mkulima aliungojea miaka saba. Hili nalo ni tunda la kumfanya ngamia kuwa dawa ya kila kitu, kisha kutomtengenezea njia ya kupita.

Na kuna pesa. Barabara ya lami ilipofika Moyale, maziwa yalipata mabawa. Asubuhi Isiolo, kina mama wafanyabiashara, wengi Wasomali, hupokea madumu ya manjano yanayoletwa na bodaboda kutoka kambini. Mmoja hufungua kifuniko, hunusa, hutia kidole, hukubali au hukataa bila kueleza, na mwenye bodaboda akibisha huambiwa arudi na maziwa yake. Yanayokubaliwa hupakiwa basi la Nairobi, kama kilomita 280, na jioni yanauzwa Eastleigh, mengine mabichi, mengine yamekuwa susa, yaani yameganda na kuchachuka. Ngamia ni wa wanaume. Maziwa ni ya wanawake, na kwa mara ya kwanza pesa yake inaonekana. Karo za shule nyingi mjini mle zimelipwa na madumu hayo. Sina la kulalamika hapo. Ukipita Isiolo kunywa chai yake, na ununue nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwa mafuta, ya kula njiani.

Ila jike anayeuzwa maziwa ni vigumu kumkopesha. Ziara yangu ya karibuni nilimkuta mzee na mwanawe wa pili hawaelewani. Kijana anakaa Logologo, kando ya lami, anayaona mabasi yakipita na madumu. Amepiga hesabu yake. Kuna jike wao mzuri yuko Kargi kwa mjane mmoja tangu kijana huyu hajatahiriwa, na jike huyo sasa ana mabinti wawili wanaokamuliwa. Lita zote hizo, alisema, zinanywewa na watoto wa watu wengine, na sisi tunanunua unga kwa mkopo dukani. Alinigeukia mimi nimuunge mkono. "Mwalimu, wewe umesoma. Mwambie."

Sikumwambia kitu, nilikunywa chai. Mzee ndiye aliyejibu, bila hasira.

"Nenda wewe ukamchukue. Njia ya Kargi unaijua. Ukifika kwake, usimwambie nimekutuma mimi."

Kijana alisema ataenda baada ya mvua. Mvua imenyesha, na juzi mzee alinipigia simu kwa habari nyingine, nikamuuliza. Jike yuko Kargi bado. Kijana amenunua mbuzi.